Wese linaenda wapi? Miezi minane na pikapu yangu ya dizeli

Nilianza kuandika kwenye daftari kwa sababu nilichoka kubishana kwa maneno matupu. Kaa na watu wenye pikapu za dizeli hata dakika kumi tu utasikia, yangu inaenda kilomita 13 kwa lita, yangu 14, mwingine anakwambia hadi 15 kama barabara imenyooka, halafu ukimuuliza umepimaje anasema anaangalia mshale. Mshale haukwambii kitu jamani. Tangi halina umbo la boksi, kuna gari nusu ya kwanza inashuka taratibu unaona mambo ni mazuri, halafu nusu ya pili inaisha kama imetobolewa. Mimi nilichokuwa najua ni kimoja, kwamba hii gari siku hizi inakunywa kuliko zamani, ila kwa kiasi gani, na kwa nini, sikuwa na jibu.

Basi nikaanza kupima, na kupima kwenyewe kuna namna yake. Unajaza tangi mpaka pampu inajikata yenyewe mara ya kwanza, unarudisha trip (kile kihesabio cha kilomita za safari) kwenye sifuri, unaendesha maisha yako ya kawaida, tangi likikaribia robo unarudi kituo kilekile, pampu ileile, gari imesimama vilevile, unajaza tena mpaka inajikata, na lita zilizoingia ndizo ulizotumia. Kilomita gawanya kwa lita, basi. Ila dizeli ina mtego wake, inatoa povu, ukiimwaga kwa kasi povu linapanda kwenye shingo ya tangi na pampu inajikata wakati bado kuna nafasi ya lita mbili tatu, kwa hiyo leo unaonekana umetumia kidogo na safari ijayo unaonekana umetumia mno. Jaza polepole. Na usiamini tangi moja, chukua matatu mfululizo ndio uanze kuongea.

Tangi langu la kwanza: kilomita 519, lita 58.4. Hiyo ni 8.9 kwa lita. La pili na la tatu yakacheza hapohapo. Na nilikuwa nimetunza karatasi ya kipindi nilichowahi kupima vizuri miaka mitatu nyuma, gari ileile, tairi saizi ileile, ilikuwa 11 na pointi tatu. Kwa hiyo kila kilomita 100 kulikuwa na lita mbili na ushee zinaenda mahali ambapo zamani zilikuwa haziendi. Hilo ndilo swali nililokaa nalo miezi minane: zinaenda wapi?

Nasisitiza swali kwa sababu watu wengi hapa wanaruka, wanaenda moja kwa moja kununua kitu. Kuna dawa za kumimina kwenye tangi, kuna sumaku za kufunga kwenye paipu ya mafuta, kuna vidude vya kuzungusha hewa kabla haijaingia injini, vyote vinaahidi makubwa. EPA, ile mamlaka ya Marekani ya kulinda mazingira, imeshapima zaidi ya vidude 100 vya namna hiyo na hakuna hata kimoja kilichopunguza matumizi kwa kiasi cha maana. Sishangai. Lita moja ya dizeli ina nishati kama megajuli 36 na injini nzuri inageuza kama theluthi moja hivi, au kidogo zaidi, kuwa mzunguko, iliyobaki inatoka kama joto kwenye rejeta na kwenye ekzosi. Ile theluthi inayofika chini ndiyo inagawanwa na upepo, tairi na breki. Kama gari yako zamani ilikuwa inafanya 11 na sasa inafanya 9, nishati haijapotea kimiujiza, kuna mmojawapo anachukua zaidi ya haki yake, na kumtafuta huyo hakuhitaji sumaku.

Fundi wa kwanza niliyemwendea alisikiliza injini kama nusu dakika akasema injekta zote nne, zile zinazopuliza mafuta ndani ya silinda, zibadilishwe. Hakupima kitu. Injekta za common rail (mfumo wa paipu moja ya presha kubwa inayolisha injekta zote) sio kitu cha kubadilisha kwa kusikiliza, na nilimwambia hivyo kwa heshima nikaondoka, ila iliniuma, kwa sababu najua kuna watu wengi hapo wangelipa na gari ingebaki vilevile.

Kilichonifungua macho ni kitu kidogo sana. Nilikuwa natoka safari, nikashuka kufungua bodi ya nyuma, nikapita karibu na tairi ya mbele kushoto nikasikia joto usoni, joto kabisa kama la jiko, na harufu ile ya pedi zilizoungua. Nikazunguka ile ya kulia, baridi tu, vuguvugu kidogo. Nikaleta mgongo wa mkono karibu na rimu ya kushoto bila kugusa (usiguse, inababua kweli), nikasogea nyuma, nikarudia zote nne, moja ilikuwa moto kuliko zenzake waziwazi. Siku ya pili nikapiga jeki. Gurudumu la kulia ukilisukuma kwa mkono linazunguka mizunguko miwili mitatu ndio linasimama. La kushoto nikilisukuma linakwenda robo mzunguko linagoma.

Tulifungua kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski ya breki. Kalipa za aina hii zinateleza juu ya pini mbili, na kila pini ina kofia ya mpira ya kuzuia maji na vumbi. Kofia ya pini ya chini ilikuwa imechanika, mchaniko mdogo tu kama ukucha, maji yakaingia, grisi ikakauka ikawa kama ugoro, pini ikala kutu ikakwama. Maana yake ukikanyaga breki kalipa inabana, ukiachia hairudi. Pedi ya nje ilikuwa imelika imebaki nyembamba kama sarafu, ya ndani bado nene. Yaani kwa miezi sijui mingapi nilikuwa naendesha huku nimekanyaga breki kidogo saa zote, na mguu wangu ulikuwa kwenye mafuta, vyote viwili kwa pamoja. Tukasafisha pini, tukaweka kofia mpya na grisi ya silikoni ya breki, pedi mpya pande zote mbili. Tangi lililofuata: kilomita 548, lita 57.1. Hiyo ni 9.6. Kutoka 8.9. Kofia ya mpira!

Tangu hapo kila nikitoka safari ndefu napita tairi zote nne na mgongo wa mkono, inachukua sekunde ishirini, na nawaomba sana mfanye hivyo hata kama habari za mafuta hazikuhusu, maana breki inayoshika namna hiyo mwishowe inachemsha mafuta ya breki na siku unaihitaji haipo.

Ya pili ilikuwa hewa. Injini ya dizeli kwa kawaida haibaniwi hewa kama ya petroli, inavuta hewa yote inayoweza na nguvu inapangwa na kiasi cha mafuta kinachopulizwa. Ukiwa na tabo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi), hewa inasukumwa kwa nguvu, inapita kwenye intakula kupozwa, halafu ndio inaingia. Sasa kama kuna mahali inavuja kati ya tabo na injini, ile hewa tabo imehangaika kuisukuma inamwagika nje, mafuta yanapulizwa lakini hewa ya kuyachoma haitoshi, unaona moshi mweusi kwenye kioo ukikanyaga, gari inakuwa nzito, na wewe unakanyaga zaidi. Yangu haikuwa na moshi wa kutisha, ilikuwa na kamluzi kembamba ukipanda mlima kwenye gia ya nne, nikawa nakasikia nakaona kama sauti ya kawaida ya tabo.

Paipu za mpira za intakula ukizitazama juujuu zinaonekana nzima. Dalili ni ukungu wa oili. Tabo zote zinapitisha mvuke wa oili kidogo, kwa hiyo mahali panapovuja hewa pananata, vumbi linaganda pale linakuwa kama ukoko mweusi. Nikaupata chini ya klampu ya paipu ya chini. Nilipolegeza klampu nikaona ufa umefuata mstari uleule wa klampu, umezunguka kama theluthi ya paipu, unafunguka tu ukiwa na presha na ukizima unajifunga, ndio maana ukiangalia gari imezimwa huoni kitu. Paipu mpya, klampu mpya, kamluzi kakaisha, na wakati huohuo nikabadilisha filta ya hewa ambayo nilikuwa naipuliza tu na kompresa mwaka mzima. Kuhusu kupuliza, kama lazima upulize puliza kutoka ndani kwenda nje kwa presha ndogo, ukipuliza kutoka nje unalisukumia vumbi ndani ya karatasi, ukiongeza presha unaitoboa, na vumbi likifika kwenye tabo na silinda hutalia mafuta tena, utalia injini.

Tairi nazo. Nilikuwa najaza kwa kuangalia tu, na tairi ya pikapu ina ukuta mgumu, inaweza kupungua sana na bado ikaonekana imejaa. Namba sahihi iko kwenye stika kwenye nguzo ya mlango wa dereva, mara nyingi zipo mbili, ya gari tupu na ya gari yenye mzigo. Ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kiwango cha juu ambacho tairi inahimili, sio unachotakiwa kujaza, na hili naona watu wanakosea kila siku, unajaza hiyo na gari tupu inaruka kama mpira na breki zinakosa mshiko. Pima asubuhi tairi zikiwa za baridi. Kwa wastani kila psi 1 (kipimo cha presha ya tairi) inayopungua kwenye tairi zote inakula kama asilimia 0.2 ya mafuta, inaonekana ndogo, lakini zangu zilikuwa chini kwa psi 8 hadi 9, piga hesabu mwenyewe, na tairi nazo zilikuwa zinalika mabegani. Baada ya paipu, filta na upepo wa tairi: kilomita 602, lita 58.3. Sasa tupo 10.3.

Hapa niseme kidogo kuhusu rafiki yangu aliyeivalisha gari yake tairi kubwa, kwa sababu hesabu yake ilimchanganya na nadhani inachanganya wengi. Alitoka tairi saizi 265/70R16 akaenda 285/75R16. Akapima, namba ikashuka mpaka 9.0 akakasirika. Lakini tairi ya kwanza ina kipenyo cha kama milimita 777 na hii mpya 834, yaani inakwenda mbali zaidi kwa asilimia 7 kila ikizunguka mara moja, na dashibodi haijui, bado inahesabu kama tairi ni ya zamani. Kilomita 500 za dashibodi yake ni kama 536 za barabarani. Kwa hiyo 9.0 yake kiukweli ni 9.6. Bado imeshuka, tairi kubwa ni nzito na inasimama juu zaidi kwenye upepo, ila haijashuka kwa kiasi alichodhani, na pia ajue kwamba spidi mita ikisema 100 yeye yuko 107.

Sasa spidi. Nimeiweka huku kwa sababu ndiyo ilikuwa ngumu kwangu kukubali, breki unamlaumu fundi, paipu unalaumu umri, lakini spidi ni mguu wako. Nilikuwa mtu wa 110. Pikapu sio gari la kuchana upepo, ina pua pana, kioo kimesimama, nyuma ya kabini kuna shimo. Nguvu ya upepo inaongezeka kwa mraba wa spidi, kwa hiyo ukishuka kutoka 110 kwenda 90 upepo unaokusukuma unapungua karibu theluthi moja. Theluthi! Hakuna kitu kingine kwenye hii gari unaweza kukipunguza theluthi bila spana. Kwa safari ya kilomita 200 nachelewa dakika 24 kama njia ni wazi, na kiukweli njia huwa sio wazi, kwa hiyo ni pungufu ya hapo. Marekani mwaka 1974 baada ya mgogoro wa mafuta walishusha kikomo cha taifa zima mpaka maili 55 kwa saa, kama kilomita 88, kwa sababu hiyohiyo.

Na pale kwenye upepo kuna hadithi ya kushusha mlango wa bodi ya nyuma ili hewa ipite. Nilijaribu matangi mawili, sikupata kitu, na ukielewa kinachotokea utaona kwa nini. Mlango ukiwa umefungwa hewa ndani ya bodi inazunguka palepale kama kimbunga kidogo kilichojifungia, na upepo wa juu unapita juu yake kama unapita kwenye paa. Ukishusha mlango unakivunja kile kimbunga na nyuma ya gari panavurugika zaidi. Acha umefungwa. Turubai lililokazwa vizuri linaweza kusaidia kidogo, lililolegea linapigapiga ni hasara. Keria ya juu toa kama huitumii, mimi yangu ilikaa miaka miwili juu bila kubeba hata ngazi.

Halafu mguu wenyewe. Nilipiga hesabu moja ikabadilisha kabisa ninavyoendesha: pikapu ya tani mbili ikiwa 80, nguvu iliyobeba mwendoni ni kama nusu megajuli, na kuipata hiyo injini imechoma kama mililita 40 za dizeli. Vijiko viwili na nusu hivi vya mezani. Kila unaposimama kwa breki kutoka 80 unavimwaga vile vijiko vinakuwa joto la pedi, halafu unavichota upya. Kwa hiyo sasa naangalia mbali, nikiona taa nyekundu au foleni mbele naachia mafuta mapema nikiwa ndani ya gia, naiacha gari itembee na uzito wake. Ndani ya gia, tafadhali. Watu wanateremka mlima nyutro wakidhani wanabana wese, lakini dizeli ya kisasa ukiachia mafuta ukiwa kwenye gia injekta zinafunga kabisa, haiingii hata tone, magurudumu ndiyo yanaizungusha injini, wakati nyutro injini inabidi ichome mafuta isizime. Yaani nyutro unatumia zaidi na umepoteza breki ya injini kwenye mteremko, na pikapu yenye mzigo ikikutoroka hapo breki zinachemka na hakuna wa kukusaidia.

Gia nabadilisha mapema, injini hii nguvu yake inaanza chini, kati ya mizunguko 1,500 na 2,000 kwa dakika inavuta vizuri, hakuna sababu ya kuipeleka 3,000 kupata gia ya tatu. Ila usiizidishe, ukikanyaga kwenye mizunguko 1,100 kwenye gia kubwa utasikia inatetemeka inagonga, hapo unaitesa, shusha gia.

Kilomita 671, lita 57.8. Hiyo ilikuwa mwezi wa saba tangu nianze kupima. 11.6. Nilikaa kwenye kiti pale kituoni nikapiga hesabu mara mbili kwenye simu.

Vitu vingine nitavipitia haraka. Kuacha injini inaunguruma inakula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa kwa injini ya saizi hii, tabo inahitaji nusu dakika au dakika kupoa baada ya kupanda mlima mrefu, haihitaji robo saa. Thamostati (vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto) ikikwama wazi injini haifiki joto lake na inakunywa bila kukuonyesha taa yoyote, angalia geji ikae palepale ilipokuwa inakaa siku zote. Kama una frii-wili (zile kufuli za magurudumu ya mbele za 4x4) za kufunga kwa mkono hakikisha umezifungua ukitoka kwenye matope. Wenye gari mpya zenye chujio la masizi kwenye ekzosi, safari fupifupi kila siku zinajaza chujio, injini inapuliza mafuta ya ziada ili lipate joto la kama nyuzi 600 lichome masizi, ukizima katikati inaanza upya kesho, kwa hiyo mara mojamoja ipe safari ya kueleweka. Kulitoa hilo chujio sikubaliani nako kabisa, yale masizi yanaingia kwenye mapafu ya watu, na nchi nyingi ni kosa.

Nikarudi kwenye injekta mwishoni, kwa sababu sikutaka kubaki na ubishi kichwani. Kwa fundi mwingine, anayepima. Unachomoa paipu ndogo za marejeo, zile zinazorudisha mafuta yasiyotumika, kila injekta unaielekeza kwenye chupa yake, unawasha, unaacha inaunguruma, halafu unalinganisha. Injekta iliyochoka ndani inarudisha mafuta mengi badala ya kuyapuliza, pampu inahangaika kushika presha. Hizo za marejeo ni presha ndogo, zile za chuma msiziguse kabisa injini ikiwa imewaka, mle ndani presha inaweza kuzidi baa 1,000, inapenya ngozi na kuingiza dizeli mwilini na mtu anaweza kupoteza mkono. Chupa tatu zilikuwa sawasawa. Ya namba tatu ilizidi zenzake kama unene wa kidole, fundi akasema bado iko ndani ya kiwango, tusiiguse. Nimeiandika kwenye daftari na tarehe, nitaipima tena baada ya kilomita 10,000.